Chumvi Haipai na Mvuke

Kabla ya alfajiri maji yalisikika yakimiminwa chumba cha nyuma: mwaa, kimya, mwaa tena. Mtafiti akatua begi lake mlangoni. Alikuwa ametoka kumuuguza mama yake wiki mbili, na gauni lake la kijani lilikuwa limekunjamana kwa safari.

Alimkuta Fundi, mchumba wake, kifua wazi, suruali imekunjwa hadi magotini, ameinamisha ndoo juu ya mojawapo ya matangi yake manane ya matumbawe.

"Daktari wa Mawe!" Fundi akacheka, akimwita kwa jina lake la utani. "Unarudi hata simu hupigi?"

"Ndoo hiyo ina nini?"

"Maji ya bahari, mpenzi. Nayachota mwenyewe kila siku kabla ya kazi, nayachuja kwa kitambaa."

Mtafiti akapita akimsukuma kwa bega. Matumbawe yake laini, yaliyozoea kupunga vidole majini, yalikuwa yamesinyaa kama soksi zilizoloa. Akatumbukiza kipimo cha chumvi, akakisoma, akakisoma tena.

"Umeniulia!"

"Nimeua nini? Maji yalipungua, nikaongeza!"

"Yanapungua kwa mvuke! Chumvi haipai na mvuke, inabaki humu humu. Yanaongezwa maji yasiyo na chumvi. Wewe umetia chumvi juu ya chumvi, mpaka imeyanyonya matumbawe maji mwilini!"

"Basi tuipunguze."

"Tuipunguze! Matangi haya manne nimeyatia joto, yale manne nimeyaacha, nione joto linayafanya nini. Sasa nitajuaje kilichoyaumiza ni joto au chumvi? Miezi mitano, Fundi! Ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi!"

Walijuana katika duka la vipuri lililofurika watu, kila mmoja ameshika upande wake wa feni moja ndogo iliyobaki. Fundi ndiye aliyeachia.

"Siku ile ningekuachia feni yako nikaenda zangu!" Mtafiti akafoka.

Fundi akatua ndoo. Akavaa shati, vifungo vikiingia matundu yasiyo yao.

"Sawa. Nimekosa," akasema, akaondoka. Hakuubamiza mlango.

Kutwa nzima Mtafiti alipunguza chumvi, akichota maji ya tangini na kutia yasiyo na chumvi kikombe kwa kikombe, maana chumvi ikishuka ghafla nayo huua. Alipunguza huku akisonya. Alasiri akachukua simu amwandikie Fundi maneno ya kuuma. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia ujumbe wa wiki iliyopita:

"Mpenzi, pampu inakoroma, maji yameshuka. Niongeze ya bahari au ya bomba?"

Chini yake, jibu lake mwenyewe: "Maji ni maji! Niache na mgonjwa wangu."

Uso ukamwaka. Akajikasirikia, kisha akamkasirikia Fundi zaidi. Akatoka na gauni lile lile hadi karakana ya majokofu, kazini kwa Fundi.

"Kwa nini hukunionyesha ule ujumbe?" alifoka, hata salamu hakutoa.

Fundi alikuwa amepiga magoti, bisibisi mkononi. "Mama anaendeleaje?"

"Ana nafuu. Nijibu!"

"Umetoka hospitali, macho mekundu, nikuwekee simu puani? Ili nishinde nini?"

"Nimekutukana na wewe umenyamaza!"

"Nimenyamaza, lakini usidhani hayakuniuma!" Fundi akabamiza mlango wa jokofu, vyuma vikalia. "Bega limechubuka kwa ndoo, bibiye. Halafu naitwa muuaji!"

"Kosa ni langu. Nisamehe. Nitaomba muda, nianze upya."

Fundi akafuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kwa kidole.

"Yatapona?"

"Mawili yameanza kufungua vidole. Mengine sijui."

"Umekula?"

"Usiniulize kula! Utarudi nyumbani?"

"Leo siji. Nikija nitasema maneno ambayo kesho nitayajutia."

"Basi niende?"

"Nenda ukalale, umevimba macho."

Mtafiti akageuka. Alikuwa ameshafika barabarani Fundi alipotokeza kichwa mlangoni, bado amekunja uso.

"Daktari wa Mawe! Kesho njoo tena. Ukinikuta bado nimenuna, njoo na keshokutwa."