Mia Sita kwa Kichwa

"Magige analipwa ngapi kwa kichwa?" Adhiambo, jirani yangu wa hapa Turwa, aliniuliza tukiwa tunamenya mihogo.

Nilikereka. "Nitajuaje? Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wa mwenzake."

"Ninyi Wakurya! Malipo si ng'ombe, Mama Rhobi. Hayafi yakihesabiwa."

Kazi yangu ni kutafuta vibarua wa kampuni moja ya mbogamboga. Alfajiri napita nyumba kwa nyumba kule Nyarero, nakusanya watu wa palizi. Nalipwa shilingi mia sita kwa kila mtu ninayempeleka. Magige anakusanya watu upande wa Nkende, wa palizi na walinzi pia. Kesho yake nilitakiwa kusaini mkataba mpya wa mwaka mzima. Na miaka minne sijamuuliza mtu analipwa ngapi!

Jioni nilimuuliza Magige. Alishangaa.

"Palizi ni elfu moja mia tano. Walinzi ni elfu tatu. Kwani wewe?"

"Mia sita."

Akacheka hadi akakohoa. "Mama! Hiyo haifiki hata soda!"

Nilirudi kwa Adhiambo nimefura. Yeye aliwahi kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi.

"Hao walinzi waache," alisema. "Magige lazima awapeleke polisi wahakikiwe, siku mbili nzima. Hiyo ni kazi zaidi. Wewe linganisha palizi kwa palizi. Idara moja, kazi moja, uzoefu uleule. Kisha tazama nani anapata kidogo."

Nikatazama. Mwanamume, elfu moja mia tano. Mimi na Agustina, mwenzangu wa kukusanya watu wa palizi, mia sita mia sita.

"Umeona? Sheria ya nchi hii inataka kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa, mwanamke au mwanamume. Usisaini kabla hawajarekebisha. Na usiende peke yako."

Asubuhi nilimkuta msimamizi wetu, Heche, ofisini.

"Shikamoo, mama. Saini hapa."

"Marahaba. Kwa nini palizi yangu ni mia sita na ya Magige ni elfu moja mia tano?"

"Mama, Magige ana familia."

"Na mimi nina nini, kuku? Mume wangu amefariki. Watoto watano wananitazama mimi."

"Yeye anazunguka na pikipiki."

"Ya kampuni! Mimi natembea kwa miguu. Mwezi uliopita nani alileta watu wengi zaidi?"

Alikuna kichwa. Nilimwomba Mungu anishike ulimi nisitukane.

"Haya, nakuandikia elfu moja mia tano. Ila Agustina asijue."

Jamani! Niligeukia mlangoni. "Agustina, ingia."

Aliingia kutoka barazani, akaweka mkataba wake juu ya wangu. Heche akachukua kalamu. Akafuta mia sita kwangu, akafuta na kwa Agustina. Akaandika elfu moja mia tano kote kuwili, akapiga muhuri. Tukasaini.

"Mungu akubariki, mwanangu," nilimwambia.

Heche akachukua kofia yake, akatoka.