Maji Mafu ya Saa Kumi

“Pweza ametoka shimoni,” redio ya Motorola ilikoroma. “Ishirini, mfuate.”

Kanze, ambaye redioni ndiye Ishirini, alikuwa keshamfuata. Pikipiki yake ya Yamaha ilinguruma juu ya tuta la barabara mpya, kwenye hori la bahari kaskazini mwa Kilifi, ikila vumbi la Prado nyeupe.

Ndani ya Prado alikuwa pweza mwenyewe, Haas, mjumbe wa kampuni ya kigeni iliyokosa kandarasi ya tuta hilo. Alikuwa ametega baruti kwenye makalvati, yale matundu makubwa ya kupitishia mafuriko chini ya lami. Tuta likivunjika masika haya, mvua ingesingiziwa na kandarasi ingetangazwa upya.

Mvua isingiziwe!

Kanze alisaga meno. Mwaka juzi, barabara ya zamani ilipomezwa na maji, dada yake Mbeyu alifia uchungu wa uzazi papa hapa, ndani ya ambulansi iliyokwama. Leo mshenzi mmoja anataka kukirudisha kifo kile kwa ajili ya tenda!

Bastola yake ya Glock ilitema mara mbili. Tairi la nyuma likapasuka, Prado ikajibamiza ukingoni. Haas akaruka nje, rimoti mkononi, akatokomea kwenye mikoko.

Hakubonyeza. Karibu hivyo, mlipuko ungemla yeye kwanza. Alitaka kufika ng’ambo.

“Makao, fungeni barabara!”

“Tumefunga. Ila ambulansi ilishapita kizuizi, imebeba mja mzito. Dereva hashiki simu.”

Damu ilimchemka Kanze. Mzee Ngumbao, fundi wa mawe, akachomoza nyuma ya rundo la kokoto.

“Shikamoo, mzee. Yule anakimbilia wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Avuka kwa miguu. Jana aliniuliza leo saa kumi maji yatakuwaje, nami nikamwambia ni maji mafu. Akafurahi huyo! Akasema yakishakufa atapita.”

Kanze alimkodolea macho. Maji mafu hayafi. Ni zile siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, na mkondo wa katikati haukauki ng’o.

“Na hukumsahihisha?”

“Hakuniuliza maana. Kiswahili alisema ana cheti chake.”

Kanze hakuwa na haraka tena. Aliokota kamba ya ujenzi, akateremka taratibu.

Haas alikuwa amenasa mkondoni, maji kifuani, matope yamemshika miguu, rimoti kaiinua juu ya kichwa.

“Nitabonyeza!”

“Bonyeza,” Kanze alisema, Glock imemwelekea. “Hapo ulipo, mawe yote ya tuta yatakuangukia wewe.”

King’ora kikasikika kwa mbali. Haas akalitazama tuta lililo juu yake.

“Nitupie kamba! Tafadhali!”

“Rimoti kwanza.”

Kanze akamrushia ncha ya kamba, naye Haas akaifunga rimoti hapo. Kanze aliivuta, akang’oa betri, akazitia mfukoni.

Juu yao ambulansi ikapita, wala haikupunguza mwendo. Kanze aliitazama hadi ilipopotea njia ya Kilifi. Alitamani Mbeyu angalikuwa ndani yake.

“Makao, pweza amenasa. Leteni pingu na mafundi wa mabomu.”

“Na mimi?” Haas alipiga ukelele. “Bahari ikijaa?”

“Usiogope, bwana,” Kanze alijibu, akipanda tuta bila kugeuka. “Maji mafu hayajai sana. Yatakufika kidevuni tu.”