Wa Kwanza Kufika Karakanani

Donatus alipotoka nyumbani kwake Ngokolo, alipita nyuma ya nyumba. Njia ya mbele ilikuwa fupi, lakini ilijaa watu. Na watu wa Ngokolo kwa salamu! Hawakuachi mpaka wamejua hali ya mke, watoto na ng'ombe, hata kama huna ng'ombe. Basi mzee mzima akawa anapenya vichakani kama mwizi wa kuku.

Alikuwa askari kwa miaka ishirini, fundi wa mitambo. Alistaafu baada ya kulinda amani nje ya nchi. Tangu hapo, akiona kundi la watu, moyo ulimwenda mbio. Jasho lilimtoka. Majirani walisema anaringa.

Masele, mwenye karakana ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, alimwita kazini. Mara mbili Donatus alifika langoni. Mara mbili aliwakuta mafundi wanakunywa chai, akageuza. Masele akatuma ujumbe: "Asipokuja Jumatatu ijayo, nachukua fundi mwingine."

Mkewe, Paskazia, alimuuliza, "Baba Mariana, kazi huitaki?"

"Naitaka sana. Shida ni pale langoni. Ukiwakuta watu, lazima uwasalimie. Wote wananitazama. Sauti haitoki."

Siku hiyohiyo Paskazia alimleta Ritha, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Donatus alitazama chini. "Mwanangu, nimerogwa?"

"Hujarogwa, baba, wala wewe si mwoga. Huo ni ugonjwa wa wasiwasi. Huwapata askari, huwapata hata wasiojua bunduki. Unatibika. Twende hospitali, nitakusindikiza."

Kesho yake walikwenda. Mtaalamu wa afya ya akili alimsikiliza bila haraka. Alimfundisha kuvuta pumzi na kuitoa taratibu. Akamwambia, "Hofu ukiikimbia, inakua. Isogelee kidogo kidogo. Anza kwa kusalimia mtu mmoja kwa siku. Na usinywe pombe kujipa ujasiri, itakuzidishia shida. Urudi kila wiki tuzungumze."

"Na lile lango?" Donatus alimuuliza mkewe walipofika nyumbani pamoja na Ritha.

Paskazia alicheka. "Anayefika ndiye anayesalimia, si ndiyo? Basi wewe fika wa kwanza! Wao ndio watakusalimia, mmoja mmoja. Wewe utaitikia tu."

Ritha alikubali. "Ni hatua nzuri ya kuanzia, baba. Ila usibaki hapo siku zote."

Kwa ruhusa ya Donatus, Ritha alimweleza Masele. Masele alishika kichwa. "Kumbe anaumwa! Na mimi nilidhani ananidharau." Akampa Donatus ufunguo wa lango.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Donatus alifungua karakana. Akavaa ovaroli, akashika spana. Mafundi walipoingia mmoja mmoja, aliitikia. Alitamani kukimbia, lakini alibaki. Kila wiki alirudi kwa mtaalamu. Kidogo kidogo akaanza kunywa chai na wenzake.

Miezi minne ikapita. Siku moja mvua kubwa ilimchelewesha, na ufunguo alikuwa amemwachia Masele jana yake. Alipofika langoni, aliwakuta wote wanane na vikombe mkononi. Moyo ukaanza mbio. Akavuta pumzi. Akaitoa taratibu.

"Mwangaluka!" aliwaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, fundi! Mke hajambo? Watoto? Ng'ombe je?"

"Ng'ombe sina," alijibu. Wakacheka wote, naye akacheka.

Jioni hiyo alichelewa kurudi. Paskazia alimngoja mlango wa nyuma, akachoka. Ghafla alisikia hodi mbele.

"Baba Mariana! Mbona umechelewa hivi?"

"Nimepita njia ya mbele," Donatus alisema. Machozi yalimlengalenga. "Si unawajua watu wa Ngokolo kwa salamu? Wabeja sana, mke wangu. Asante."