Taa Inayopita Juu ya Alunguli

Katika nyumba ya mzee Tshimanga, kule Alunguli, maharage hayakuwa yanaiva. Makala ya kuwashia moto yalikuwepo. Sufuria ilikuwepo. Tatizo lilikuwa angani.

Mama Kabedi, mke wake, alipika uani jua likizama. Kila alipoona taa inatembea kati ya nyota, alimwaga maji kwenye mbabula, lile jiko la makala, akamvuta mjukuu wake Misenga ndani.

"Kimya! Ndege!"

Wakati wa vita walifanya hivyo. Moto ungewaonyesha walio juu mahali watu walipo. Vita ilikwisha zamani, lakini mkono wa mama Kabedi haukupata habari.

Mzee Tshimanga, aliyestaafu kazi ya reli, alimtuliza kwa uongo, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Dodo, ile njo treni yangu ya zamani. Reli ilikwisha, yenyewe ikaendelea tu kupanda juu."

"Wewe na treni yako! Kula maharage yako mabichi."

Wiki hiyo mwalimu Safia, jirani yao, alikusanya watu kila jioni katika uwanja wa shule kutazama nyota. Jumamosi, Misenga alitakiwa kuwaonyesha watu Kilimia, lile fungu dogo la nyota upande wa magharibi.

"Mutoto haendi," alisema mama Kabedi. "Watu wengi mahali peupe, na taa inapita juu? Hapana!"

Misenga alilia mpaka Safia akasikia. Akaja na kiti chake, akaketi karibu na mbabula.

"Mama, leo tutangoja hiyo taa pamoja."

Giza likaingia. Taa ikatokea. Mama Kabedi akashika ndoo ya maji.

"Ngoja, mama. Sikiliza kwanza. Inalia?"

Wote wakatega masikio. Maharage peke yake yalitokota.

"Hailii," alisema mama Kabedi polepole.

"Inawaka na kuzima, kama taa za ndege?"

"Hapana. Iko inawaka tu."

"Basi hiyo ni setilaiti. Ni chombo kilichorushwa na watu, kinazunguka dunia. Hakina taa. Umeona mabati ya kule mlimani jioni? Yanang'aa, na huku uani giza limeingia. Kule juu jua bado linakipiga."

Taa ikafifia, ikapotea.

"Nani ameizima?"

"Hakuna, mama. Imeingia katika kivuli cha dunia."

Mama Kabedi akaweka ndoo chini. Akachukua upepeo, akapepea makala.

Jumamosi alifika uwanjani na sufuria ya maharage kichwani, akaketi karibu na mume wake. Misenga aliinua kidole, akawaonyesha watu Kilimia bila kukosea. Kisha taa ikapita. Mama Kabedi alishika mkono wa mume wake kwa nguvu, lakini hakuinuka kukimbia.

"Baba Dodo, ile njo treni yako?"

"Ndiyo, njo yenyewe."

"Basi waite abiria washuke. Maharage yameiva."