Hondohondo wa Fundi Swedi

Hii siyo hadithi ya kuokota barabarani. Ilimpata bibi yangu mzaa mama, Kudra, akiwa mtoto anayeanza kusema, wakati Wajerumani wanaifikisha reli Dodoma.

Baba yake, Swedi, alikuwa fundi cherehani, akiwashonea askari kaptula za kaki. Walikaa kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, fupi kiasi kwamba wanawake walipanda juu kuanika mtama. Siku moja ya kawaida kabisa, Swedi alirudi na kinda la hondohondo alilopewa na wachunga mbuzi. Kudra akampenda yule ndege kupita kiasi. Wakala pamoja, wakalala pamoja. Ndege alipoanza kujaribu kuruka, mtoto alilia mpaka akakosa pumzi.

Swedi akachukua mkasi wake wa kazi.

"Baba Kudra, si haki," akasema mkewe, Stara. "Mungu amempa mbawa, wewe unampunguzia?"

"Nimemnyima nini? Chakula anapata, mwewe hamgusi. Huko porini angekuwa ameshaliwa. Manyoya yakiota tena nitakata tena, mwanangu asilie."

Maneno matamu hayo. Ndege hakuulizwa.

Tena Swedi alikuwa fundi asiyetupa kipande. Manyoya aliyomkata yule ndege akayashonea ndani ya mto wa mwanawe. Jirani yao Zipora, Mgogo aliyebatizwa kule Mvumi na kuyaacha mambo ya wazee, walau mdomoni, aliuona ule mto ukishonwa. Kisha akamnong'oneza Stara.

"Mama Kudra, unyoya wa ndege aliye hai sisi hatuulalii. Tunaupeperusha nje uende zake. Mwenyewe huwa anautafuta."

Stara akacheka. Alipomwambia mumewe, naye akacheka zaidi.

Kesho yake mchana wakasikia kitu kikikimbia juu ya paa. Vishindo vyepesi, vya haraka. Kisha kimya. Kisha kitu kikaanguka chini, nyuma ya nyumba. Stara akatoka kutazama. Hapakuwa na kitu. Hondohondo alikuwa ndani, amesimama kando ya mto, anautazama.

Ikawa hivyo kila mchana. Kinakimbia, kinanyamaza, kinaanguka. Vumbi la paa liliwadondokea kwenye ugali, wakala hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka tena.

Halafu mchana mmoja vishindo vikawa vizito. Stara akageuka kutazama mkekani. Kudra hayupo.

"Baba Kudra," akanong'ona. "Mtoto."

Swedi akatoka mbio. Kudra alikuwa juu ya paa. Ameitandaza mikono. Anakimbilia ukingoni. Halii. Haangalii chini. Akaruka.

Baba yake akamdaka, wakaanguka wote wawili. Mtoto alikuwa mzima, hana hata mchubuko. Lakini alikuwa mwepesi. Mwepesi mno.

Swedi akaingia ndani, akaushika mto ili aupasue, manyoya yapeperushwe. Mshono ulikuwa mzima, uzi ule ule aliopitisha kwa mkono wake. Akaupasua. Ndani hamkuwa na unyoya hata mmoja. Na yule ndege akatoka mlangoni mbele ya macho yao, akakunjua mbawa kamili, akaruka kuelekea upande wa Nzuguni.

Kudra alikua, akaolewa, akazaa. Ila mikono yake haikupanda kupita mabega. Mama yangu hakuwahi kunyanyuliwa juu na mama yake hata siku moja, na hilo lilimuuma mpaka uzeeni. Sisi wajukuu tuliambiwa ni kwa sababu ya kule kuanguka, tukaamini.

Bibi alipofariki, nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Nilipopitisha kiganja kwenye mkono wake, nikagusa vitu vigumu chini ya ngozi. Vimejipanga mstari, kutoka begani hadi kiwiko. Nikahamia mkono wa pili. Vipo. Nikamwita mama, naye akapapasa, taratibu, kimoja kimoja.

Vilikuwa vishina vya manyoya. Vyote vimekatwa sawasawa, kama kwa mkasi wa fundi.

"Mfunike," mama akanong'ona.