Swali Lililotiwa Chaki

Kila Jumamosi alfajiri, Sabah hufuatana na mama yake hadi soko la Kongowea. Mama yake, Bi Waridi, ni mkaguzi wa mizigo katika stoo ya mbatata. Lori likifika kutoka bara, wapagazi hushusha magunia, naye husimama mlangoni na kipande cha chaki, akiyapapasa na kuyanusa. Sabah humimina chai na kugawa mahamri.

Jumamosi moja chai ilikuwa inamwagika chini.

"Sabah!"

"Abee, mama."

"Kikombe kimejaa zamani. Una nini?"

Sabah alifunika chupa. "Leo saa nne ni ule mtihani wa cheti cha kompyuta. Katika jaribio la wiki iliyopita nilipata kumi na tisa kwa thelathini. Kufaulu ni ishirini na moja. Nikianguka, siingii darasa la kutengeneza kompyuta likizo ya Agosti."

"Hukusoma?"

"Nilisoma, wallahi! Maswali manane sikuyafikia. Swali la tisa lilisema niangalie kitufe kilichozungushiwa duara, na pichani hapakuwa na duara lolote. Nikalitafuta robo saa nzima."

"Robo saa unatafuta duara ambalo halipo?" Bi Waridi alicheka mpaka mpagazi mmoja, Kiponda, akacheka naye. "Na mwalimu je? Hukumwambia?"

"Mama, maswali yanatungwa na wakubwa. Nitawaambiaje wamekosea? Si utovu wa adabu?"

Kiponda alikuwa amefika na gunia lililolowa upande mmoja. Mama alilinusa, akalichora alama ya chaki, akaonyesha pembeni. "Weka pale. Lete lingine!"

Magunia yakaendelea kuingia. Lori lilipokuwa tupu, matatu yalikuwa yamekaa pembeni na alama zao. Hapo ndipo Bi Waridi alipomwita dereva.

"Kaka, pole na safari. Njoo utazame. Hili limelowa huku chini. Hili lina mawe. Hili, shika mwenyewe, limeoza."

Dereva alishika, akakunja uso, akafuta mkono kwenye suruali. "Kweli, dada. Nitayarudisha."

Mama akamgeukia bintiye. "Nililisimamisha lori kwa sababu ya gunia moja?"

"La."

"Nilimtukana dereva?"

"La."

"Basi nenda kafanye mtihani wako vivyo hivyo." Akamtilia kipande cha chaki mfukoni.

Kituo cha kompyuta kilikuwa Mishomoroni, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Rafiki yake Mwende, ambaye familia yake ilihamia kutoka Machakos, alikuwa amekwisha kuketi.

"Leo ukianza tena kutafuta duara, nitakurushia kiatu," alinong'ona.

"Rusha vyote viwili, nitapata jozi."

Mwalimu Changawa aliuliza kama kuna mwenye swali kabla ya kuanza. Sabah aliinua mkono. "Mwalimu, hiki kibendera kando ya kila swali ni cha nini? Mimi nilidhani ni cha kubadilisha lugha."

"Ni cha kutia alama swali unalotaka kulirudia baadaye."

"Kumbe ni chaki!"

Mwalimu alimtazama asielewe. Sabah alikwisha kuigeukia skrini, akitabasamu.

Alikwenda vizuri mpaka swali la kumi na nne: "Ni kipi kati ya hivi huhifadhi kazi yako hata umeme ukikatika? Chagua jibu moja." Miongoni mwa majibu kulikuwa na flashi na diski kuu. Sabah alisoma mara mbili. Vyote viwili huhifadhi! Alianza kulisoma mara ya tatu, kama wiki ile. Akagusa chaki mfukoni, akabonyeza kibendera, akaendelea.

Alipomaliza la thelathini, zilibaki dakika sita. Alirudi kwenye kibendera chake, akachagua diski kuu. Mwishoni palikuwa na kisanduku cha maoni. Akaandika: "Swali la kumi na nne lina majibu mawili sahihi. Flashi huhifadhi kazi bila umeme, na diski kuu pia. Tafadhali litazameni tena. Asanteni." Kisha akatuma.

Matokeo yalitokea papo hapo. Ishirini na sita! Sabah aliruka, kiti kikaanguka. Alipogeuka, akamwona Mwende ameinamisha kichwa. Skrini yake ilionyesha ishirini.

"Lile la kumi na nne ndilo limeniua," Mwende alisema kwa sauti ndogo. "Nilichagua flashi."

"Flashi ni sahihi! Nimewaandikia."

"Umewaandikia wenye mtihani? Na ukaandika kabla ya kujua umepata ngapi?"

"Kosa ni kosa, nipate nisipate."

Mwalimu Changawa alisoma maoni hayo, akasugua kidevu. "Miaka minne nasimamia mtihani huu, na kisanduku hiki huwa kitupu. Nitawafuatilia."

Jumatano jibu lilifika kituoni. Watungaji walikiri kosa, wakashukuru, na kila aliyechagua flashi akaongezewa alama. Mwende alikuwa na ishirini na moja. Kelele alizopiga ziliwatoa wateja dukani chini.

Jumamosi iliyofuata walikuwa wawili wa kumimina chai Kongowea.

"Shikamoo, Mama Sabah," alisema Mwende. "Cheti changu kimepita kwenye chaki yako."

"Marahaba. Cheti chako kimepita kwenye jibu lako. Lilikuwa sahihi tangu mwanzo." Bi Waridi alipokea kikombe. "Nisikilizeni. Mitihani hutungwa na watu, na watu hukosea. Ukikuta kosa, usigande hapo mpaka muda ukuishie. Litie alama, maliza kazi yako, kisha rudi useme kwa heshima na uonyeshe mahali penyewe. Adabu si kunyamaza. Ungenyamaza, Sabah, mwenzio angekuwa nyumbani analia."

Lori likapiga honi mlangoni. Bi Waridi akavunja chaki vipande viwili, akampa kila mmoja chake.

"Haya, wenye vyeti! Mbatata hazijikagui."