Mtoto Aliyekataa Majina Matano

Kila asubuhi Nakiru aliteka maji kwenye bomba la mtaa wa Bulapesa, mjini Isiolo, akafagia uwanja, kisha akamkamua mbuzi wao. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alisoma darasa la sita. Jumamosi moja ya mwaka wa 1981 alifanya kazi hizo zote akiwa amenuna, kwa sababu siku hiyo mdogo wake angepewa jina.

Mtoto huyo wa kiume alikuwa na siku tisa, na watu walimwita Kadogo tu. Katika ukoo wao wa Kiturkana, baba hakuchagua jina la mtoto, wala mama hakulichagua. Mtoto alijichagulia mwenyewe. Nyanya aliita majina ya wazee wa ukoo moja baada ya jingine, huku mama akimpa mtoto titi. Jina lililoitwa mtoto akaanza kunyonya, hilo ndilo lilikuwa lake.

Nyanya, mama yake baba, alikuwa mkulima huko Rapsu. Alifika Ijumaa jioni kwa lori la vitunguu, na ilimbidi arudi kwa lori hilohilo Jumamosi saa tisa alasiri. Jumapili ilikuwa zamu yake ya maji ya mfereji. Kama angeikosa, mahindi yake yangekaa juma zima bila maji.

Usiku Nakiru alikuwa amemsikia akihesabu wazee kwa vidole: "Nitaanza na mkubwa wao, Lokorikeju. Kisha Ekuwam, Esekon, Lomuria, na wa mwisho Lokol."

Lokorikeju! Jina hilo lilimaanisha mwenye miguu ya mabaka kama ya twiga. Baba yake Nyanya aliitwa hivyo kwa sababu ya fahali wake aliyempenda. Mjini Isiolo Nakiru hakumjua mtu mwingine mwenye jina hilo. Katika darasa lake walikuwamo akina Lokol wanne, na hakuna aliyewahi kuwacheka.

Alimweleza jirani yake Abiba walipokutana bombani.

"Ngoja kwanza," Abiba alisema, akatua debe lake. "Hilo ni jina, au ni safari ndefu ya kwenda Sericho?"

"Usinicheke, Abiba! Mimi ndiye nitakayembeba mgongoni. Kila mtu ataniuliza anaitwa nani."

"Wallahi, mimi ningesema nimemwokota njiani."

"Mimi nataka Lokol. Ni la wazee wetu pia, tena ni fupi. Lakini ni la tano."

Abiba alifikiri. "Si mtoto anachagua kwa kunyonya? Basi mpe maziwa kidogo mapema, asiwe na njaa. Kijiko kimoja kwa kila jina. Vijiko vinne, majina manne yamepita. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili."

Nakiru aliona kwamba hesabu hiyo haikuwa na kosa lolote.

Alirudi nyumbani akamkuta mama yake, Roda, akioga. Nyanya alikuwa amekwenda kuwasalimu majirani. Nakiru alimbeba mtoto hadi jikoni, akachota kikombe cha maziwa ya mbuzi ambayo hayajachemshwa, akatia sukari, akachukua kijiko kilichokuwa juu ya meza. Kijiko cha kwanza, mtoto alishangaa. Cha pili, alitabasamu. Baada ya cha nne alifungua kinywa kama kifaranga, akakunja uso, akawa tayari kupiga kelele.

"Nyamaza, nyamaza!" Nakiru alinong'ona, akampa cha tano. Kisha cha sita. Alipoacha, kikombe kilikuwa kitupu.

Saa nne wanawake wa mtaa waliketi uwanjani. Baba, ambaye jina lake lilikuwa Ekaale, alisimama kando. Mama alileta daftari lake la darasa la watu wazima na penseli iliyochongwa vizuri, kwa maana alikuwa ameapa kuliandika jina la mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Nyanya aliinua sauti. "Lokorikeju! Mtoto wako ni huyu!"

Mtoto alifunga kinywa.

"Ekuwam! Mtoto wako ni huyu!"

Mtoto aligeuza uso.

"Esekon!"

Mtoto alibeua kama mzee aliyetoka arusini. Wanawake wakacheka.

"Lomuria!"

Mtoto alipatwa na kwikwi. Nakiru alizuia pumzi.

"Lokol!"

Mtoto alilala usingizi.

Nyanya aliyaita yote upya, kuanzia la mwisho hadi la kwanza. Mtoto alikoroma. Sasa hakuna aliyecheka.

"Hata wewe Ekaale ulikataa mawili tu," Nyanya alisema polepole. "Matano! Tumewakosea wazee. Mlete yule mbuzi tuwaombe radhi."

"Mama," Roda alisema, "tuna mbuzi mmoja tu wa maziwa."

"Na una mtoto mmoja tu asiye na jina!"

Baba alianza kunoa kisu juu ya jiwe. Mbuzi aliitafuna kamba yake bila wasiwasi, akimtazama Nakiru. Wakati huo mama aligusa tumbo la mtoto, akashtuka.

"Tumbo limevimba kama ngoma, na sijamnyonyesha tangu alfajiri. Mwanangu ni mgonjwa!"

Nyuma ya ua, Abiba alikuwa akimfanyia Nakiru ishara kwa nguvu, kidole midomoni. Ilikuwa kweli kwamba hakuna mtu aliyejua. Lakini mama alikuwa amekwisha kusimama ampeleke mtoto zahanati, na kisu kilikuwa kimekwisha kunolewa.

"Baba, weka kisu," Nakiru alisema. "Wazee hawajakasirika. Mtoto ameshiba."

Watu wote walimgeukia.

"Ameshiba nini?" Nyanya aliuliza.

"Maziwa ya mbuzi. Na sukari."

"Vijiko vingapi?"

"Nilipanga vinne."

"Sikuulizi ulivyopanga. Nauliza alivyokunywa."

"Kikombe," Nakiru alijibu kwa sauti ndogo.

Nyanya alimchukua mtoto amtazame vizuri. Papo hapo mtoto alitapika maziwa yote juu ya leso mpya ya Nyanya. Baba aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mama hakucheka. "Nakiru, muuguzi alituambia mtoto mchanga apewe maziwa ya mama yake peke yake. Maziwa mabichi na kijiko kichafu vinaweza kumharisha mpaka maji yote yamwishe mwilini. Jina lolote, liwe refu au fupi, linahitaji mtoto aliye hai."

Nakiru alilia. Huku akijifuta pua, alieleza yote: shule, akina Lokol wanne, na vicheko alivyoviogopa. Mama aliketi akimwangalia mtoto kwa muda mrefu, tayari kumkimbiza zahanati. Tumbo lilikuwa limeshuka, hakuwa na homa, na alipumua vizuri. Majirani wakaenda zao, na mbuzi akafunguliwa.

Nyanya alimwita Nakiru aje kuisuuza ile leso.

"Unamjua Lokorikeju alikuwa nani?" aliuliza.

"Shujaa?"

"Shujaa wapi! Baba yangu aliogopa fisi kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Usiku mmoja akiwa zamu ya kulinda mifugo alikimbia, fisi wakala mbuzi watatu. Wenzake walidhani wezi ndio walioingia, wakajiandaa kwenda kupigana na jirani zao. Baba yangu angeweza kunyamaza. Alisimama mbele ya wanaume wote akasema, 'Hakuna mwizi. Mimi niliogopa fisi, nikakimbia.' Walimcheka miaka mingi. Lakini siku hiyo hakuna aliyekufa."

Nakiru aliacha kusuuza. "Walimcheka miaka mingapi?"

"Mpaka alipozeeka. Naye alicheka pamoja nao."

Saa tisa lori la Rapsu lilisimama mlangoni. Dereva wake, Hashi, alipiga honi ndefu.

"Salaam aleikum! Mama, toka! Abiria wanaiva juani huku!"

Honi hiyo ilimwamsha mtoto. Alinyonya ngumi yake, akaona haina kitu, akalia kwa hasira ya mtu mwenye njaa ya kweli.

"Hashi, ningoje!" Nyanya alipiga kelele. Kisha akamgeukia Nakiru. "Huyu sasa atalikubali jina la kwanza nitakaloliita. Ukitaka nianze na Lokol, sema kwa kinywa chako, mbele yetu. Sitakukasirikia."

Nakiru alimtazama mdogo wake aliyekuwa akilia na kurusha ngumi.

"Anza na yule wa fisi," alisema.

"Lokorikeju! Mtoto wako ni huyu!"

Mtoto alilishika titi kwa pupa, na nyumba ikajaa vigelegele. Mama alifungua daftari akaandika polepole, ulimi ukiwa nje kidogo, mpaka jina likajaza mstari mzima.

Nyanya alifunga mzigo wake. "Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Kutolipenda jina si kosa. Kosa ni kujificha jikoni na kulitumia tumbo la mtoto ili upate unachotaka. Jambo likikusumbua, lilete mbele ya wakubwa wako na useme wazi. Ungeniambia asubuhi, tungezungumza, nami ningekuwa na leso safi."

Alisaidiwa kupanda juu ya magunia. Mtaa mzima ulikuwa umetoka kutazama: Abiba, watoto wa darasa la sita, na Lokol wawili kati ya wale wanne. Injini ilinguruma. Ndipo Nyanya akainama juu ya ubao wa lori.

"Nakiru! Watu hawa wanauliza, mdogo wako anaitwa nani?"

Nakiru alihisi masikio yakimwaka moto. Akajaza kifua hewa.

"Lokorikeju!"

"Ee Mungu!" Hashi alisema kutoka dirishani. "Jina hilo peke yake lingejaza lori langu!"

Watu wote walicheka, na kicheko kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Nakiru.